Mwalimu na Yule wa Mikono Kiunoni

Alizaliwa wapi, kwa nani, alikuwa mtoto wa ngapi: hayo nawaachia wale wanaosoma wasifu kwa kipaza sauti siku ya mazishi. Mimi sikuwahi kumwuliza. Mara moja nilisikia mtu akimwuliza umri wake, akajibu, "Nimekupita," na mazungumzo yakaishia hapo. Ninachojua ni kwamba alinifundisha kazi za mikono katika shule ya sekondari nje kidogo ya Kitale, kwamba mtihani wa mwisho nilikuwa wa pili kutoka mkiani (wa mkiani alikuwa mgonjwa), na kwamba miaka mingi baadaye, alipostaafu, alinunua kiploti kilichopakana na cha mama yangu, katikati yetu pakiwa na ua wa miiba ya kayaba. Kwa hiyo yule mwanamke niliyedhani nimemkimbia nilipomaliza fomu foo alikuja kukaa hatua thelathini kutoka mlango wa jikoni kwangu. Nasema kwangu. Ni kwa mama, lakini mimi ndiye niliyebaki.

Kubaki ndiyo kazi yangu. Ndugu zangu mmoja yuko Nairobi, mwingine ng'ambo huko kwenye joto, nami nina kuku, ng'ombe mmoja mwenye dharau, na redio. Mwalimu alipopata wageni alipenda kunionyesha kwa kidole kupitia tundu la ua: "Yule jirani yangu amesafiri sana. Juzi alifika getini."

Hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mwalimu kwa muuza maziwa, kwa chifu, kwa mchungaji, na kwa watu ambao hakuwahi kuwafundisha hata herufi. Kazi yake ya kustaafu ilikuwa kufuma mazulia ya sufu ya kondoo. Yeye alisema "mazuria", kama wengi wa upande wa Bungoma, na mama yangu, ambaye watu wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Kenya ya kati, alisema "chamba" pale alipotaka kusema shamba. Wakianza kuongea juu ya ua, mgeni angedhani amesikia lugha ya tatu. Wao walielewana vizuri mno, hasa wakinisema mimi.

Mazulia yenyewe hayakuwa yale ya manyoya marefu yanayomeza pini na punje za mchele. Yalikuwa bapa, uzi juu uzi chini, kama mkeka uliofumwa kwa sufu, na ukiligeuza zulia upande wa chini ulikuwa sawasawa na wa juu. "Halina mgongo," alikuwa akisema, akilipiga kofi kama mtu anayesifu ng'ombe. "Watu nao wangekuwa hivi, si tungepumzika?"

Kitanda cha kufumia kilikuwa nguzo za mkaratusi zilizochimbiwa barazani, nyuzi za mtande zikisimama wima kama mvua iliyoganda. Uzi wa rangi, ule mshindio, aliupitisha kwa vidole, kisha akaushindilia kwa chombo cha ajabu: uma nne za mezani zilizofungwa kwa waya kwenye mpini wa jembe. Wageni waliokuja kununua walikishangaa sana kile chombo. "Ni cha kiasili?" waliuliza. "Cha kiasili kabisa," alisema, "nilipewa na bibi yangu." Uma zilitoka jikoni kwa mama yangu. Aliziazima siku mbili. Mpaka leo nyumbani kwetu pilau tunaila kwa vijiko.

Rangi alizipika mwenyewe. Manjano ilitoka kwenye maganda ya vitunguu aliyokusanya sokoni akiinama chini ya meza za watu bila aibu. Kahawia ilikuwa magome ya mti wa muwati. Nyeusi ilikuwa misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki, na siku ya kupika nyeusi hata ng'ombe wangu alihamia kona ya mbali. Mimi nilipewa kazi ya kuchana sufu kwa vitana. Ni kazi ya kuketi, kwa hiyo niliiweza. Wapita njia walinitania: "Sasa wewe umekuwa mama gani?" Mwalimu aliwajibu kwa niaba yangu. "Mwacheni. Shuleni alishindwa, sasa anarudia darasa."

Kulikuwa na mambo kwake ambayo hayakuwahi kupatana. Mtu aliyefuma mazulia ya kutandikwa kwa wakubwa, sebuleni kwake palikuwa na kapeti ya plastiki yenye maua ya waridi, imechanika mlangoni. Nilimwuliza kwa nini hafumi la kwake. "Nani atakanyaga kazi yangu bure?" alisema. Alikuwa shemasi wa kanisa aliyefua na kupiga pasi kitambaa cha Meza ya Bwana kila mwezi, na hakumruhusu mtu mwingine kukigusa. Lakini alicheza karata na mama yangu jioni za Jumapili, akiiba karata waziwazi, na akikamatwa anasema alikuwa akipima macho ya mwenzake. Darasani alinichapa fimbo mbili kwa kusema mbuzi amekula kikapu changu cha mtihani. Mbuzi alikuwa amekila kweli. Lakini yeye mwenyewe uongo ulimtoka laini kama uzi mwembamba.

Na zaidi ya yote, hakujua kusema "sijui". Hilo neno halikuwemo kinywani mwake. Siku moja dereva wa lori la mbolea alisimama akauliza njia ya kwenda shule fulani. Mwalimu hakuwahi kuisikia shule hiyo, lakini alinyoosha mkono bila kupepesa macho: "Fuata lami mpaka Kiminini, halafu uulize." Shule ilikuwa nyuma ya nyumba ya tatu kutoka kwetu, ilikuwa imefunguliwa mwezi ule. Dereva alirudi jioni akiwa amebadilika rangi. Mwalimu akamtazama kwa huruma, akamwambia, "Nilitaka uone nchi."

Sasa nifike kwa yule wa mikono kiunoni.

Kulikuwa na umbo moja alilolifuma katika kila zulia. Kichwa kidogo cha pembe nne, mwili wa pembetatu mbili zilizogusana ncha mahali pa kiuno, sketi imepanuka, na mikono miwili imepinda, viganja viko kiunoni. Wakati mwingine wako watatu kwa mstari, wakati mwingine mmoja tu katikati. Kila mnunuzi aliuliza huyo ni nani, na kila mnunuzi alipata jibu lake. Bibi harusi aliambiwa ni mke aliyekwisha kuzoea. Mke wa polisi aliambiwa ni askari wa zamu. Mama mmoja mfanyabiashara wa Lwakhakha, aliyekuwa akivusha vitenge mpakani, aliambiwa, "Huyu ni wewe, dada, ukiongea na watu wa forodha." Alicheka mpaka akanunua mawili.

Mimi niliuliza pia. "Mwalimu, kwani huyu ni nani hasa?"

"Nani anauliza?"

"Si ni mimi."

"Ah, wewe." Akapitisha uzi. "Huyu ni mama mkwe wangu. Alikuwa anasimama hivi mlangoni nikichelewa kutoka mtoni."

Niliamini kwa miaka mitatu, mpaka nilipomsikia akimwambia mchungaji kwamba ni mtu mwingine kabisa.

Kanisa letu lilikuwa limemaliza jengo jipya, na wazee wakaamua waagize zulia refu la kutandika kutoka mlangoni mpaka Meza ya Bwana. Katibu wa kamati alikuwa mzee mmoja mwembamba aliyeandika kila kitu, hata salamu. Yeye ndiye aliyeleta barua ya kuagiza: zulia liwe na mfano wa mlima wetu, Elgon, kwa utukufu wa Muumba. Mwalimu aliisoma, akaikunja, akasema, "Sawa, milima mtapata."

Kila Jumamosi Katibu na wazee wawili walikuja kukagua. Na hapa inafaa mtu ajue jinsi kazi ile inavyofanywa. Zulia refu na jembamba huwezi kuliona lote likifumwa. Picha unaianzia miguuni ukipanda, na kilichokwisha kufumwa unakizungushia kwenye gogo la chini, kwa hiyo kwa wakati mmoja kinaonekana kipande cha urefu wa mkono mmoja tu. Wazee walisimama mikono nyuma wakiangalia pembetatu moja moja. "Huu ni mlima," alisema mmoja. "Na hili ni bonde," alisema wa pili. "Hiki kitu kilichopinda ni nini?" "Mto Nzoia," alisema Katibu, akaandika. Mimi nilikuwa pembeni nachana sufu na kuuma midomo.  Mwalimu aliendelea kushindilia kwa uma za mama yangu. Mwishowe waliweka sahihi kwenye karatasi kwamba wamekagua na wameridhika na milima.

Jumapili ya kuzindua, zulia likatandikwa. Mlangoni alisimama mwanamke mikono kiunoni. Katikati mwingine. Na mbele kabisa, miguuni pa mimbari, wa tatu, mkubwa kuliko wote, akimtazama mhubiri kama mtu aliyeambiwa ibada itaisha saa sita na sasa ni saa nane.

Akina mama ndio walioanza. Kicheko kilitoka benchi la nyuma kikaja mbele kama maji. Mchungaji wa wakati ule, mtu mpole, aliinama akamnong'oneza Mwalimu, "Ni nani huyu?" Mwalimu akanong'ona, "Ni Martha, Mchungaji. Yule wa kuhangaika na vyombo." Mchungaji akaliacha hubiri lake, akahubiri Martha papo hapo, na watu walisema hajawahi kuhubiri vizuri vile. Wazee walinuna, lakini sahihi zao zilikuwa zimekauka kwenye karatasi. Mambo yangetulia hapo.

Hayakutulia kwa sababu yangu.

Baada ya miezi alikuja mgeni, mwanamke wa chuo kikuu cha mbali, akizunguka kutafuta wafumaji. Alikuwa na viatu vya kupandia milima na upole mwingi. Mwalimu alimpeleka kanisani kumwonyesha zulia, Katibu akaja na daftari lake, nami nikaja kwa sababu ni karibu. Mgeni alipomwona yule wa mbele alipiga magoti. Akavua miwani, akaivaa tena. Akaanza kusema kwa Kiingereza cha haraka, akionyesha mikono, kiuno, sketi. Katibu akauliza, "Anasema nini?" Mwalimu alikuwa anaelewa, lakini alinyamaza. Basi mimi, niliyepata alama nisizopenda kuzitaja katika somo hilo, nikaona siku yangu imefika. Nikajitolea kuwa mkalimani.

Nilitafsiri vizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Nilisema mgeni anasema umbo hili ni la kale sana, linafumwa na wanawake wa nchi za mbali, mama kwa binti, tangu kabla ya vitabu. Kwamba mikono kiunoni ni ishara ya uzazi, ya mama wa vitu vyote, na pembe na jicho na kitana vinavyofumwa pembeni yake ni vyake. Kwamba wapo wasomi wanaoamini watu wa kale walimwabudu. Na hapo, badala ya kumeza mate kama mtu mwenye akili, nikapandisha sauti ili kanisa tupu lisikie jinsi nilivyo msomi: "Anasema huyu ni mungu wa kike!"

Kalamu ya Katibu ilisimama, halafu ikaanza kukimbia.

Mgeni akamgeukia Mwalimu, akamwuliza taratibu, kwa Kiswahili cha kujifunza, kama hapa pia wanawake walimjua. Nilimwona Mwalimu akimtazama yule binti aliyepiga magoti juu ya kazi yake. Ulikuwa mtazamo ambao sikuuelewa siku hiyo. Kisha akasema, "Ndiyo. Bibi zetu walimjua sana."

Bibi zake hawakuwahi kufuma sufu maishani mwao. Lakini Katibu aliandika.

Aliitwa mbele ya wazee. Nilikuwapo, nimeketi kwenye kigoda cha shahidi, nikitamani kuwa kuku. Katibu alisoma kutoka daftari: mama mkwe, kwa jirani, Martha, kwa mchungaji, mungu wa kike anayejulikana na bibi zetu, kwa mgeni. "Mwalimu, hawa ni watu watatu. Chagua mmoja."

"Ninyi mlikagua kila Jumamosi," alisema. "Mliona nani?"

"Usitugeuzie, mama. Sisi tuliona milima."

"Basi ni milima."

"Mwalimu!"

"Ati nini? Mmeweka sahihi."

Mchungaji alimsihi. Aseme tu ukweli mmoja, wowote, hata kama ni Martha, aape ni Martha, na yaishe.  Mwalimu nilimjua miaka mingi na sikuwahi kumwona akikosa jibu. Mle ndani nilimwona akifungua kinywa na kukifunga mara mbili. Mwishowe alisema, "Hilo nitasema nikitaka." Wazee wakaamua: zulia likunjwe, na Mwalimu asishiriki Meza ya Bwana mpaka atakapowaambia huyo mwanamke ni nani.

Mtu mwingine angehamia kanisa jingine; Kitale hayapungui. Yeye hakwenda popote. Lakini tusidanganyane, lilimchoma. Ile Meza ndiyo iliyokuwa kitu chake. Alikuwa akiamka mapema siku ya Meza, anavaa kitambaa cheupe kichwani, hali kitu mpaka apokee. Sasa alikuja na kitambaa kilekile cheupe, akaketi benchi la mwisho, na trei ya vikombe vidogo ilipofika kwake mhudumu aliinyanyua juu ya kichwa chake kama anavuka shimo. Yeye aliangalia mabati. Kitambaa cha Meza kilipigwa pasi na mtu mwingine, na kilikuwa na mkunjo katikati ambao alinitajia kila mwezi, mwaka baada ya mwaka.

Mimi kwa kujiona mwenye kosa nilianza kukataa kikombe pia. Alinifinya paja. "Kunywa, wewe. Dhambi zako ni nyingi kuliko zangu."

Zulia lilitupwa stoo, nyuma ya ngoma za kwaya. Kilichomtia hofu Mwalimu ni nondo, wadudu wa kula sufu. Sufu ikikunjwa gizani, nondo wanafanya harusi. Dawa yake ni majani makavu ya tumbaku, yabadilishwe mara kwa mara, lakini stoo ilifungwa na ufunguo alikuwa nao mwalimu wa kwaya. "Basi," Mwalimu aliniambia, "wewe utajiunga na kwaya."

"Mimi siimbi."

"Najua. Nimekusikia ukimwimbia ng'ombe. Utasimama nyuma ufungue mdomo."

Kwa hiyo mtu ambaye hakuwahi kutoka kwake baada ya saa kumi alianza kwenda mazoezi kila Jumatano, tumbaku mfukoni, akijitolea kurudisha ngoma stoo wakati wenzake wanakunywa chai. Uvumi ulienea kwamba nimeanza kuvuta sigara kwa sababu ya mwanamke fulani wa sauti ya pili. Mama alifurahi sana. Sikuwa na moyo wa kumwambia mwanamke mwenyewe amefumwa.

Niliwahi kumwuliza Mwalimu, juu ya ua, kwa nini hasemi tu chochote. Yeye, mwenye majibu yote ya dunia. Aliendelea kuanika nyuzi. "Huwezi kuelewa," alisema. "Wewe umezoea kuwa wa pili kutoka mwisho."

Macho yakaanza kumwisha. Kwanza aliacha kutofautisha kahawia na nyeusi, na kuna zulia moja mahali fulani mjini lenye mwanamke mwenye mkono mmoja mweusi. Aliyelinunua aliambiwa amevaa glavu. Halafu akaacha kabisa kufuma. Binti yake akaja na gari akamchukua kwenda kukaa naye Bungoma. Ile siku hakulia. Alinipa vile vitana vya sufu na kusema, "Uma mwambie mama yako nitaleta." Ua wa kayaba ukaziba lile tundu ndani ya msimu mmoja.

Mchungaji mpya alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye kucheka haraka. Alipofungua makabati alikuta faili ya Mwalimu. Jumatano moja alinikuta stoo na tumbaku mkononi. Nilijieleza vibaya kama kawaida yangu, na nilipomaliza alikuwa ameketi kwenye ngoma akifuta machozi ya kicheko. Kisha akasimama. "Miaka sita?" aliuliza. "Bila kupokea?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Twende."

Hivyo ndivyo nilivyosafiri. Tulikwenda kwa gari lake bovu, tukapita Kiminini, tukapita njia ya kuingilia Lugulu, nami nikihesabu madaraja kama mtu anayeweka alama za kurudia. Mapajani pangu nilishika kijisanduku chenye kikombe kidogo na chupa ndogo.

Mwalimu alikuwa ameketi sebuleni kwa binti yake, kwenye kiti kilichoelekea dirisha. Alikuwa amepungua, ila kitambaa cheupe kilikuwa kimenyooka. Nilisalimia kutoka mlangoni.

"Nani?"

"Ni jirani yako, Mwalimu."

"Haiwezekani. Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi wamekufukuza." Akacheka mpaka akakohoa. Binti yake alituletea chai akatuacha. Mchungaji akajitambulisha, akamwita kukhu, kama wajukuu wa kule wanavyowaita bibi zao. Akasema amekuja na Meza. Mwalimu akashikanisha mikono mapajani.

"Na faili?" aliuliza.

"Faili ninayo, kukhu. Inasema mpaka useme yule mwanamke ni nani."

"Nani anauliza? Wewe, ama wazee?"

"Mimi. Wazee nitawajibu mwenyewe."

Nje kulikuwa na mtu anapasua kuni. Nilisikia shoka mara nne.

"Sijui," alisema Mwalimu.

Niliiweka chai chini.

"Sijui, mwanangu. Nilimwona kwenye kalenda. Ilikuwa ya watu wanaouza uzi, maandishi yake ya lugha siijui, imetundikwa kwa duka moja pale Kitale, nikiwa mwalimu mgeni. Kulikuwa na picha ya zulia. Nilimpenda tu. Na hata sikujua ni mtu." Alisita. "Nilidhani ni birika."

"Birika?" mchungaji alisema.

"La chai. Si umeona mikono ilivyopinda? Nilifuma birika kumi na moja. Halafu siku moja nikageuza kichwa, nikamwona ananiangalia. Nikaona aibu, nikawa nawaambia watu hadithi. Kila mtu na yake. Nikisema Martha, siku hiyo ni Martha kweli. Halafu akaja yule binti wa viatu vikubwa." Sasa alikuwa ameelekeza macho yake upande wangu, hayakunifikia vizuri. "Akapiga magoti. Alikuwa anamjua. Mimi nimemfuma miaka yote hiyo, vidole vyangu vimepinda kwa ajili yake, na yeye, amekuja juzi, ndiye anamjua. Niliona wivu, bana. Nikasema hata sisi tunamjua. Ningesimamaje mbele ya Katibu, mimi Mwalimu, niseme nilidhani ni birika?"

Nilisema, "Mwalimu, ni mimi niliyetafsiri kwa sauti."

"Nilikusikia. Kitale yote ilikusikia. Nilitaka kukuchapa, halafu nikakumbuka ndiyo mara ya kwanza umepata jibu sawa."

Mchungaji hakuandika kitu. Alitoa kalamu, akaitazama, akairudisha. "Nitawaambia hajulikani," alisema. "Na Pasaka nitamtandika. Kama ni mama wa vitu vyote, atakuwa amezoea kukanyagwa na watoto."

"Atandikwe vizuri," alisema Mwalimu haraka. "Alazwe kwa urefu. Na mkunjo huo wa kitambaa cha Meza, muuondoe."

Mchungaji akafungua kijisanduku, akatandaza leso juu ya kimeza cha chai, akasema maneno yake kwa sauti ya chini. Akavunja mkate, akampa. Akamimina kikombe, akamwongoza vidole mpaka kikakaa. Mwalimu alikishika kwa mikono miwili. Mimi nikaangalia ukuta, kwa sababu kuna vitu ambavyo hata jirani hapaswi kuchungulia.

Akanywa. Akafumba macho. 

"Mchungaji," alisema mwishowe.

"Naam, kukhu."

"Hii ndiyo mliyoninyima miaka sita?"

"Ndiyo, kukhu."

Akaionja tena kwenye midomo, polepole, kama anayepima rangi kwenye sufuria.

"Ni juisi," alisema. "Na imetiwa maji." Akanyoosha kikombe mbele. "Ongeza."